TAHADHARI: Pawasaplai yenye stika mpya, matumbo ya zamani

Wadau, kama kompyuta yako ya mezani imezeeka na imeanza kunuka kuungua kama yangu, soma hapa kabla hujamtumia muuzaji yeyote hela. Kuna mtu anauza vipuri mtandaoni na kutangaza pawasaplai (kile kiboksi kinachoipa kompyuta umeme) "mpya kabisa, wati 600". Aliyoniuzia ni kuukuu, imefutwa vumbi na kubandikwa stika. Nilikwaruza kona ya ile stika kwa ukucha, chini yake ikatokea lebo nyingine: wati 300.

Mwanzoni iliwaka vizuri. Nilipoipa kompyuta kazi nzito, harufu ile ile ya plastiki inayoungua ikarudi, safari hii kali zaidi. Fundi alipoifungua tukakuta kapasita (vile vipuri vya kuhifadhi umeme) mbili zimevimba vichwa, moja imevuja maji ya kahawia, na feni inazunguka kwa shida. Kapasita haivimbi hivyo kwenye kifaa kilichotoka kiwandani juzi.

Muuzaji alianza kwa kuniambia ni harufu ya upya, itaisha yenyewe. Nikamtumia picha za kapasita. Akageuza maneno: eti mazabodi yangu, yaani ile bodi kuu ya kompyuta, ndiyo mbovu, na anayo nyingine ya kuniuzia! Nilipodai hela yangu akanibloku. Hilo la mazabodi ndilo linaloniuma zaidi, maana mtu asiyejua angenunua na hiyo, kisha aichomeke kwenye pawasaplai ile ile mbovu.

Stika yenyewe inamuumbua. Usiangalie namba kubwa ya wati, angalia mstari wa volti 12 kwenye jedwali la stika, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hula umeme wao mwingi hapo. Zidisha ampea kwa 12. Yangu iliandikwa ampea 18, yaani wati 216. Hizo 600 zinatoka wapi? Mwambie muuzaji akupigie picha ya jedwali hilo kwa karibu. Akikutumia picha ya boksi tu, achana naye. Na ukiipokea, ipime kwa mkono: nyepesi kupita kiasi mara nyingi ina vyuma vidogo vya kupoza na imepunguziwa vipuri vya kuchuja umeme.

Tena si kila harufu inatoka kwenye pawasaplai, na wauzaji wa aina hii wanakula hapo hapo. Ukiisikia, zima, chomoa waya ukutani, na usiwashe tena eti unuse vizuri inatokea wapi. Ikishapoa, fungua ubavu wa kasha uangalie. Vumbi limeziba feni ya prosesa? Ile plagi kubwa ya pini 24 inayoingia kwenye mazabodi imegeuka kahawia au imeyeyuka? Kagua pia vile viunganishi vya bei rahisi vya kugawa umeme wa diski, hasa ambavyo waya zake zimezamishwa ndani ya plastiki. Vinajulikana kwa kupiga shoti na kuungua, na hapo unaweza kubadilisha pawasaplai bila faida yoyote.

Pawasaplai yenyewe usiifungue kama si fundi. Kapasita zake kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, na umeme huo unaweza kuua. Kama ina swichi ya 115 na 230 kwa nyuma, hakikisha inalingana na umeme wa ukutani kwako kabla ya kuchomeka.

Tangazo lake bado lipo hewani, jina la duka limebadilishwa lakini picha ni zile zile. Kama ameshakuuzia, usiendelee kuitumia hata kama bado inawaka. Ichomoe, piga picha stika zote mbili, hifadhi risiti na mazungumzo yenu kabla hajayafuta, kisha mripoti kwenye mtandao mlikouziana. Mimi tayari nimemripoti, ila malalamiko yakiwa mengi ndipo akaunti yake itafungwa haraka.