Bia ya chupa ya kijani: nyota nne, au moja, inategemea mmeiweka wapi

Nimekasirika, na ninaandika hasira ikiwa bado ya moto, maana nikisubiri ipoe nitaanza kuwatetea hawa watu na hawastahili kutetewa.

Nilinunua lager ya chupa ya kijani. Ni bia ninayoipenda kwa dhati, na jina lake silitaji kwa sababu ugomvi wangu mkubwa ni na duka, si na kiwanda. Au na kiwanda pia, nitafika huko. Kilevi ni asilimia ngapi, ujazo ni kiasi gani, hayo yako kwenye lebo na kila mtu ana macho. Mimi nina shida na harufu.

Nilipofungua kizibo gesi ilitoka kama kawaida. Nikamimina taratibu kwenye glasi safi. Povu likapanda jeupe na kutulia, rangi ya dhahabu ileile, hakuna ukungu wala chembe iliyoelea. Kwa macho hungekuta kosa lolote. Nikainua glasi, na kabla haijagusa mdomo nikasikia kicheche. Aliyewahi kupita mahali ambapo kicheche amejitetea usiku ananielewa: harufu ya salfa, kali, inayoingia puani na kukataa kutoka. Chini yake bia ilikuwepo. Kimea kilikuwepo, uchungu ulikuwepo. Lakini nani atafika huko wakati pua imeshapigwa?

Hiyo ni bia iliyopigwa na mwanga, na si jambo la kubahatisha. Uchungu wa bia unatoka kwenye hopsi, yaani maua ya mmea yanayochemshwa pamoja na bia inapotengenezwa. Zinapochemshwa, asidi zake hubadilika na kuwa aina iitwayo asidi za iso-alfa, na uchungu wa hizo ndio ulimi unaousikia. Ndani ya bia hiyohiyo kuna riboflavini, yaani vitamini B2. Riboflavini hunasa mwanga, hasa wa buluu, kisha nishati ile inazivunja asidi za hopsi, na kipande kinachokatika kinakutana na salfa iliyomo kwenye bia. Kinachozaliwa hapo ni kemikali ya jamii moja na zile anazorusha mnyama yule. Nanogramu chache kwa lita zinatosha pua ya binadamu kuinusa, na gramu moja ina nanogramu bilioni moja, kwa hiyo usiniambie "labda ni kidogo tu". Kidogo tu ndicho kinachoharibu.

Wala si habari mpya. Mjerumani Carl Lintner aliandika kuhusu bia kunuka baada ya kukaa juani mwaka 1875. Mwaka 2001 wanakemia wa Chapel Hill, Marekani, pamoja na wenzao wa Ghent, Ubelgiji, walionyesha hatua kwa hatua jinsi molekuli hizo zinavyovunjika. Miaka yote hiyo, na bado mtu anauza bia kama anauza vyombo vya plastiki.

Sasa nije kwenye duka lenyewe.

Nilirudi na chupa, imebaki zaidi ya nusu, kizibo nimekirudishia. Friji lao lina mlango wa kioo, limesimama likitazama mlango wa kuingilia, na jua la mchana linaingia moja kwa moja mpaka kwenye rafu ya kwanza. Ndani kuna taa nyeupe kali zinazowaka usiku na mchana ili chupa zing'ae. Na kweli zinang'aa! Ukisimama mbele yake unaona kijani kinapendeza mpaka unanyoosha mkono. Hicho kinachopendeza ndicho kinachoiua bia.

Nikamwambia kijana wa kaunta, kwa upole kabisa, kwamba bia imepigwa na mwanga, naomba anibadilishie na iliyotoka kwenye katoni iliyofungwa.

"Kaka, hizi zimekaa kwenye friji tangu ziletwe. Zitaharibikaje?"

Swali zuri, nikamjibu kama swali zuri. Ndugu yangu, baridi haizuii mwanga. Joto lina makosa yake: likisaidiana na hewa iliyobaki chupani, polepole bia inachuja na kuanza kuonja karatasi iliyolowa. Mwanga hauhitaji joto. Juani, bia ya chupa ya kijani au nyeupe, yaani isiyo na rangi, inaweza kuharibika kwa dakika chache tu. Chini ya taa za friji inachukua muda mrefu zaidi, lakini inafika kulekule. Na kioo cha mlango hakisaidii, kwa sababu mwanga wa buluu unapita humo bila shida.

Hakunisikiliza. Akamgeukia mwenzake: "Njoo umsikie huyu, anasema taa inaharibu bia." Wakacheka wote wawili, mbele ya wateja wengine. Kisha akanitazama, akasema: "Bia hiyo ndivyo inavyonuka. Ndiyo ladha yake. Kama huiwezi, kunywa soda."

Ya soda nimeisamehe. Kinachoniuma mpaka sasa ni ile "ndiyo ladha yake". Hapo kijana amewasemea watu wengi sana. Wapo wanaokunywa bia ya kijani miaka nenda miaka rudi wakiamini ukali ule wa puani umewekwa na mtengenezaji kwa makusudi, kwamba ndiyo sifa ya bia ya hadhi. Pua nayo inachoka haraka, baada ya mafunda kadhaa huisikii tena. Ukinywea chupani ndiyo kabisa, shingo nyembamba haiachii harufu ikufikie vizuri. Mtu anazoea kosa, analipa, na kesho anakuja kulitafuta tena. Watengenezaji wamehangaika na kimea, hamira, maji na majuma ya kuikomaza bia, halafu kazi yote inaharibiwa na mtu aliyetaka rafu yake ipendeze!

Kelele zikamtoa mama mwenye duka ofisini. Hakuuliza nani ana haki. Akasema, "Mpe katika zile za stoo, aende zake." Nikapewa. Si kwa heshima, lakini nikapewa, na hilo lazima niliandike kwa haki: yeye angalau alimaliza ugomvi.

Na bahati ikawa upande wangu, maana namba ya toleo kwenye lebo ya chupa ya stoo ilikuwa ileile ya chupa ya rafuni. Kiwanda kimoja, siku moja ya kujazwa, bia ileile. Nyumbani nikaiacha ipoe, nikapanga glasi mbili zinazofanana, huku nimemimina iliyobaki ya kwanza, huku ile ya katoni. Ya kwanza ilikuwa imeshapoteza gesi, hilo nimeliweka kando, nilikuwa nanusa tu. Ya katoni ilinukia mkate, kwa mbali majani mabichi, na maua kidogo ya hopsi juu kabisa. Safi. Nikimaliza kuinusa na kurudi kwenye ya rafuni, kichwa kinarudi nyuma chenyewe. Nikamwita mtu wa nyumbani asiyekunywa pombe kabisa, sikumweleza kitu, nikampa anuse zote mbili. Alisukuma ya rafuni mbali na uso na kuuliza kama imeoza.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua: bia nyota nne, duka sifuri, mambo yameisha.

Ila kadiri ninavyoandika nazidi kuona kiwanda nacho kina kosa. Hivi kwa nini kijani? Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga wenye urefu wa wimbi ulio chini ya nanomita 500, buluu ikiwemo, yaani eneo lenyewe la hatari. Kijani kinaacha mwingi wa mwanga huo upite, kinaishinda chupa nyeupe kwa kiasi kidogo tu. Kiwanda kinalijua hili kuliko mimi. Wanachagua kijani kwa sababu kwa miaka mingi rangi hiyo imekuwa alama ya lager ya Ulaya iliyosafirishwa nje, na alama inauza. Basi kama rangi hawaiachi, dawa ipo: Miller High Life ya Marekani inauzwa kwenye chupa nyeupe kabisa, na inatumia dondoo la hopsi ambalo asidi zake zimebadilishwa ili mwanga usizivunje. Au wafanye jambo jepesi zaidi, wauze chupa zao ndani ya katoni refu lililofunikwa mpaka shingoni. Karatasi tu! Hawafanyi. Nyota moja naondoa. Naondoa mbili.

Ingawa, kusema kweli, ile glasi ya katoni ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu sana, na naona uchungu kuipa nyota mbili bia ya namna ile kwa kosa la taa ya mtu mwingine. Bia yao hiyohiyo ikiwa kwenye kopo sijawahi kuilalamikia hata siku moja, na ni kawaida, kopo halipitishi mwanga hata chembe. Ya pipa pia haina shida mpaka iingie kwenye glasi. Hapo, kama umekaa nje juani, inywe mapema au isogeze kivulini, kwa sababu glasi nayo ni kioo cheupe na bia yoyote yenye hopsi za kawaida itaanza kunuka mbele yako huku unazungumza.

Basi nirudishe nyota: bia ya kopo nne, ya chupa ya kijani kutoka katoni iliyofungwa nne vilevile, ya chupa ya kijani kutoka rafu yenye taa moja, na hiyo moja ni ya povu. Duka linabaki na sifuri, si kwa sababu ya bia mbovu, bali kwa kile kicheko. Wakilihamisha lile friji lisitazame mlango na kuzima taa zake, nitabadilisha alama siku hiyohiyo. Juzi nimepita, bado linatazama mlango, na safari hii rafu ya kwanza wamepanga chupa nyeupe.