Msalaba wa Mpingo Mtupu au wa Mpingo na Mninga?

Fundi anayetaka msalaba wa rangi mbili ana njia mbili. Ya kwanza ni kuuchonga katika kipande kimoja cha mpingo, akitumia weusi wa kiini pamoja na ukanda wa manjano hafifu ulio chini ya gome, kama wachongaji wa Kimakonde wanavyofanya katika baadhi ya vinyago vyao. Ya pili ni kuunganisha miti miwili, mhimili wa mninga wa kahawia nyekundu na mkono wa mpingo.

Msalaba wa kipande kimoja hauna kiungo cha kuachia, lakini hudai gogo pana, nalo ni adimu, kwa kuwa mpingo hukua polepole na mara nyingi hujipinda. Zaidi ya hayo, nyuzi za mti zikisimama wima, mikono myembamba huvunjika kwa urahisi, na ukanda ule wa nje hupendwa na bungua, wadudu watoboao mbao.

Kiungo cha miti miwili ndicho kinachompima fundi. Kila kipande huchimbwa kwa msumeno na patasi hadi nusu ya unene wake, kisha viwili hivyo hulaliana vikawa sawasawa. Mninga husinyaa kidogo sana unapokauka, jambo linalokifaa kiungo. Mpingo, kwa mafuta yake, hukataa gundi usipofutwa kwanza kwa spiriti. Kero nyingine ni vumbi jeusi la msasa, ambalo huingia katika vinyweleo vya mninga na kuutia madoa.

Kwa msalaba wa ukutani ningechagua miti miwili. Kwa ule mdogo wa shingoni, mpingo mtupu, ambao hung'aa kwa msasa laini bila vanishi.