Pikipiki za safari za mtumba zenye kilomita nyingi: ipi uitafute kwanza na ipi uikague mara mbili

Siku moja jijini Nairobi niliwekewa mbele yangu pikipiki mbili, zote Suzuki V-Strom 650, na bei zake zilipishana kidogo tu. Ya kwanza ilisoma kilomita 31,000 na rangi yake iling'aa kama iliyotoka dukani jana. Ya pili ilisoma kilomita 92,000, kiti kimechanika pembeni na plastiki zimejaa mikwaruzo. Niliomba ruhusa ya kuinua tangi na kufungua boksi la chujio la hewa la kila moja, kisha nikapitisha kidole ndani, upande ule ambao hewa imekwisha kuchujwa na inaelekea kwenye injini. Katika ile ya kilomita 31,000 kidole kilitoka na vumbi jekundu, lile linalokwaruza ukilisugua kati ya kidole na gumba. Katika ile ya kilomita 92,000 kilitoka na weusi mwembamba wa mafuta, bila chembe ya mchanga, na mwenye nayo akanipa faili la risiti za oili, za plagi na za upimaji wa valvu mara tatu. Nilinunua ya pili.

Vumbi lililopita chujio hufanya kazi ya msasa: hula ringi za pistoni na kuta za silinda, injini ikaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na hapo hakuna dawa isipokuwa kuishusha. Kwa barabara zetu, kama ile ya kutoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron, ambako gari moja likikupita huoni kitu kwa mita mia, kilomita 10,000 zilizoendeshwa na chujio lililochanika huzeesha injini kuliko kilomita 60,000 za lami zilizotunzwa vizuri. Ndiyo maana katika mwongozo huu sipangi pikipiki kwa uchache wa kilomita. Nazipanga kwa urahisi wa kuzitunza huku kwetu, kwa uwezo wa fundi wa kawaida kuzifungua bila kompyuta, na kwa kuangalia kama udhaifu wake unajulikana mapema, ili mnunuzi ajue pa kuweka mkono kabla ya kutoa fedha.

Kabla ya kuendelea, angalia mita yenyewe inasoma nini. Pikipiki iliyotoka Uingereza husoma maili, na muuzaji asiye mwangalifu, au aliye mwangalifu mno, hukutajia tarakimu peke yake. Mita ikisoma 50,000 kwa maili, chombo kimetembea zaidi ya kilomita 80,000. Mita pia inaweza kubadilishwa nzima, kwa hiyo ushahidi utafute kwingine: kwenye mpira wa vikanyagio, kwenye pedali ya breki iliyolainika, na kwenye diski za breki, ambazo unene wa chini unaoruhusiwa umechongwa juu yake. Diski iliyokaribia kikomo hicho kwenye pikipiki inayodai kilomita 20,000 inakueleza habari nyingine.

Nafasi ya kwanza naipa Suzuki V-Strom 650 bila kusitasita, hasa za kuanzia 2007, mwaka ambao breki za ABS, zinazozuia gurudumu lisinase ukifunga breki ghafla, zilianza kupatikana kwenye modeli hii, na zile za kuanzia 2012 zenye umbo jipya. Modeli ilianza 2004, ikitumia injini ya silinda mbili ya sentimita za ujazo 645 iliyotokana na ile ya SV650 ya mwaka 1999, na injini hiyo imekwisha kujulikana hadi mifupa. Valvu hupimwa kila kilomita 24,000, na kwa kuwa hurekebishwa kwa kubadilisha shimu, yaani visahani vidogo vya chuma vya unene tofauti, fundi asiye na mikromita ya kupimia unene huo asiguse. Magurudumu yake ni ya kumiminwa na hayatumii tyubu, jambo ambalo wengi hulidharau mpaka siku msumari unapoingia porini: unachomeka tambi ya mpira kwenye tundu, unajaza upepo, unaondoka bila kung'oa gurudumu. Kiti cha zile za kwanza kina urefu wa milimita 820, hivyo mtu wa kimo cha kawaida hufikisha miguu chini, na tangi la lita 22 humvusha sehemu ndefu zisizo na kituo cha mafuta. Udhaifu wake uko mbele ya injini, ambako bomba la ekzosi na filta ya oili vimeachwa wazi vipigwe na mawe, kwa hiyo usiitoe nje ya lami kabla ya kuifunga kinga ya bati nene chini ya injini. Shokabu za kiwandani nazo ni laini, na baada ya kilomita 60,000 ya nyuma huwa inabembea tu. Bei yako ihesabu hilo.

Ya pili ni Yamaha XT660Z Ténéré, iliyotengenezwa kuanzia 2008 hadi 2016. Ina silinda moja, tangi linalozidi lita 20 na matumizi madogo ya mafuta, kiasi kwamba safari ya zaidi ya kilomita 400 kwa tangi moja si jambo la kushangaza. Kwa mtu anayetoka Marsabit kwenda Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, ambako petroli huenda ikawa ndani ya madumu au isiwepo kabisa, sifa hiyo inashinda nguvu ya injini. Valvu zake hurekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ambayo fundi yeyote aliyezoea pikipiki ndogo anaielewa. Kilichoifanya ikose nafasi ya kwanza ni urefu wa kiti, karibu milimita 895, pamoja na tyubu ndani ya matairi. Mambo mawili yanahitaji uangalifu. Kwanza, oili yake hukaa kwenye tangi lake la pembeni badala ya chini ya injini, kwa hiyo ukiipima ikiwa baridi kijiti kitakudanganya, na wengi wameijaza kupita kiasi kwa kosa hilo. Iache injini ipate moto ndipo upime. Pili, viungo vya shokabu ya nyuma hutoka kiwandani na grisi kidogo mno; ikiwa hakuna aliyevifungua, beringi zake zimekwisha kushika kutu.

Honda Africa Twin CRF1000L, iliyotoka 2016 na kukoma 2019 ilipopisha CRF1100L, ndiyo ninayoiweka ya tatu. Kwenye changarawe na mchanga hakuna katika orodha hii inayoifikia, maana gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18 hupokea matairi ya kila aina ya porini. Injini ya sentimita za ujazo 998 haina maradhi makubwa. Tatizo lililosemwa sana ni kutu kwenye spoki na rimu. Pitisha bisibisi ukigonga spoki moja baada ya nyingine, na inayotoa sauti nzito kama ya kijiti kikavu imelegea au imekatika. Kati ya yenye klachi ya mkono na yenye giaboksi ya kujiendesha, chagua ya mkono, kwa sababu waya wa klachi unabadilishwa chini ya mti na ile nyingine haitengenezeki hapo.

Honda Transalp XL700V ni ya nne na haina maneno mengi: ni mtulivu, haina nguvu za kushangaza, tangi lake la lita 17.5 linatosha kwa wengi. Fungua plagi ya waya wa regyuleta ya kuchaji. Plastiki yake ikiwa imegeuka rangi ya kahawia, joto limekwisha kuitafuna, na siku moja betri itakufia njiani.

BMW R1200GS naiweka ya tano, na najua wapo watakaonuna, maana ndiyo pikipiki inayotamaniwa kuliko zote hizi. Nazungumzia za 2004 hadi 2012, zinazopozwa kwa hewa na oili. Zile zinazopozwa kwa maji, zilizoanza 2013, sizipendekezi zikiwa na kilomita nyingi isipokuwa kama kitabu cha huduma kimejazwa ukurasa kwa ukurasa. Pikipiki hii ikitunzwa hutembea kilomita 150,000 na zaidi, haina cheni ya kusafisha kwa kuwa nguvu hupelekwa kwa shafti hadi giaboksi ndogo ya gurudumu la nyuma, na vifuniko vya valvu vimetokeza pembeni, hivyo upimaji unaofanyika kila kilomita 10,000 ni kazi ya asubuhi moja. Hadi 2009 nafasi za valvu zilirekebishwa kwa skrubu. Kuanzia 2010 zikaja shimu za nusu tufe.

Lakini ugonjwa wake ukija, huja na bili ya gari. Iweke kwenye stendi ya katikati, shika gurudumu la nyuma juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza waziwazi, beringi ya giaboksi ya nyuma inakwisha. Mwombe muuzaji amwage oili ya giaboksi hiyo mbele yako. Haifiki hata robo lita, na muuzaji mwaminifu hatakataa ukimlipia oili mpya. Ikitoka na unga mwembamba unaometa kama rangi ya fedha, hiyo ni kawaida. Zikitoka chembe zinazoshikika kwa kucha, mshukuru na uondoke. Uliza pia kuhusu kishikio cha gurudumu la nyuma. Mwaka 2015 BMW iliziita zirudi kurekebishwa pikipiki zake zilizotengenezwa kati ya 2003 na 2011, kwa kuwa kishikio hicho cha alumini kiliweza kupasuka pale bolti zilipokazwa kupita kiasi, na badala yake kikafungwa cha chuma. Pikipiki iliyoingia Afrika Mashariki kupitia mikono ya watu huenda haikuitikia wito huo, kwa hiyo ondoa gurudumu uangalie kwa macho yako. Kipimo cha mafuta tangini nacho huharibika mara kwa mara, na kifaa kinachoongoza pampu ya petroli hufa kikiingiwa na maji. Mwenye uzoefu wa gari la Kijerumani anajua spea hizi huagizwa kutoka wapi na kwa siku ngapi.

Kawasaki KLR650 ingekuwa juu zaidi kama ingepatikana kwa wingi katika soko letu. Ukiipata, uliza jambo moja: je, kile kishikizo cha cheni ya balansi ndani ya injini kimebadilishwa? Cha kiwandani kwenye zile za zamani kinaweza kuvunjika, na vipande vyake huzunguka ndani ya injini.

Ukifika kukagua, yoyote iwayo, mpigie muuzaji mapema umwambie asiiwashe. Ukikuta injini ina moto, kuna alichokuwa anakificha, ama ni uzito wa kuwaka ama ni mlio wa cheni ya taimingi unaopotea oili ikipanda. Inua gurudumu la mbele na geuza usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati kama ulioingia kwenye kijishimo, beringi za shingo zimekwisha. Tazama meno ya sproketi ya nyuma: yakiwa yamelala upande mmoja kama miiba ya mgunga, cheni na sproketi zote mbili ni juu yako. Weka mita ya umeme kwenye betri, paza injini hadi mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika, na utarajie volti kati ya 13.5 na 14.5.

Karatasi zina mtego wake, na hapa watu wamepoteza fedha nyingi kuliko kwenye injini. Wasafiri wa kutoka Ulaya hufika Nairobi au Arusha wamechoka, na baadhi huuza pikipiki zao hapo kwa bei inayovutia. Pikipiki hizo mara nyingi zimeingia kwa kaneti, yaani kitabu cha dhamana ya forodha kinachoruhusu chombo kukaa kwa muda bila ushuru kwa sharti kwamba kitatoka nchini. Ukimpa msafiri fedha mkononi, umenunua chombo kisichoweza kuandikishwa kwa jina lako mpaka ushuru ulipwe kwa mamlaka ya mapato, TRA kwa Tanzania au KRA kwa Kenya, na forodha wakikikamata huna la kujitetea. Malipo ya ushuru yatangulie, kisha fedha za muuzaji. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi, ukizisoma kwenye chuma chenyewe badala ya picha ya simu.

Ukishainunua, usifunge nayo safari ya mbali mwezi huo huo. Badilisha oili zote, mafuta ya breki, maji ya rejeta na chujio la hewa hata kama uliambiwa ni vipya, ili hesabu ianze kwako. Oili ya injini iwe na alama ya JASO MA au MA2, ambayo ni ya viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki, kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi huoga katika oili hiyo hiyo, na oili ya gari iliyowekewa dawa za kupunguza msuguano huifanya iteleze. Kwenye vumbi mimi hubadilisha kila kilomita 5,000, hata kitabu kikiruhusu zaidi. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini, kamwe isiwe petroli, maana petroli hukausha vijipete vya mpira vinavyotunza grisi ndani, kisha ipakwe mafuta jioni ikiwa bado na joto la safari. Anayekuoshea kwa mashine ya presha mkataze kuielekeza kwenye beringi za magurudumu na viungo vya shokabu. Viungo hivyo vifunguliwe na kupakwa grisi kila baada ya masika, na kilomita za siku hiyo ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha utepe, ndani ya kifuniko cha pembeni, ambako fundi ajaye na mnunuzi ajaye wataziona.