TAHADHARI: Jamaa anauza Subaru STI hapa Dodoma, ndani kaweka injini ya Forester iliyopakwa rangi

Wakuu, kama kuna mtu yuko kwenye mazungumzo na yule jamaa anayeuza Subaru za turbo hapa mjini, yule anayetembea na laptopu anajiita fundi wa tuning, simamisha kila kitu leo. Usimtumie hata elfu kumi ya kushikilia gari. Milioni 23 zangu zimeenda, juu yake milioni 2 na laki 8 za kile alichokiita remapu, yani kuipanga upya kompyuta ya injini, na gari iko Nkuhungu kwa fundi wetu injini imefumuliwa, konrodi ziko kwenye karai. Nimekaa kimya kwa sababu ya aibu, wengi wenu mliiona ile gari kwenye harusi mkanipongeza mkapiga nayo picha, ningeanzaje kuwaambia. Ila jana nimeona katangaza nyingine ya silva, maneno yaleyale, hadi picha ya injini ameipiga upande uleule. Hapo nikasema hapana.

Wanaotaka kuniuliza akili yangu ilikuwa wapi wanisikilize kwanza. Mi Subaru sijaanza jana, ile Forester yangu ya zamani mnaijua, na ile safari ya Kondoa mnajua ni nani alilala chini ya gari mpaka saa nane usiku. Na huyu mtu hakuokotwa barabarani. Yuko kwenye grupu letu muda mrefu, mtu akiuliza spea anamjibu vizuri kabisa, ameshamwazima jeki na tochi zaidi ya mmoja wetu. Tulipofiwa na mzee alikuja mpaka Hombolo, akawaamkia wazee mbukwenyi, akashika koleo makaburini, rambirambi akatoa, mama yangu tangu siku ile anamwita mwanangu. Mtu wa namna hiyo anakwambia nina STI, ile Impreza kali kuliko zote, ya mdogo wangu, utaanzaje kumhisi vibaya? Na bei yenyewe haikuwa ya kutupa, angesema milioni 12 ningeshtuka, yeye alianzia 26 akashuka kwa kulia kulia mpaka 23 akaniomba nisimwambie mtu kaniuzia bei hiyo. Nikaongezea hela ya kuuza Forester yangu kwa ile ya kiwanja cha Nala. Mnajua nilivyohangaika na kile kiwanja.

Siku ya kuiona gari nilitaka niende asubuhi niikute imelala, nisikie inavyowaka ikiwa ya baridi. Akasema iko Kibaigwa kwa shemeji yake ataileta mwenyewe. Tukakutana jioni sheli ya kule Nanenane. Aliingia taratibu, bluu ile ya STI yenyewe, rimu za dhahabu, tundu la boneti, spoila nyuma, vijana wa bodaboda wote wakageuka. Sikukurupuka. Nilizunguka gari yote, nikachuchumaa nikaangalia breki, Brembo za kweli, nikagusa kwa mkono kama ni stika, sio stika. Nikaingia ndani nikahesabu gia, 6. Nikaangalia namba ya chassis inaanza na GDB, na GDB ndo STI, ingekuwa WRX ya kawaida ya umri ule ingesoma GDA. Kadi inasema 2004. Akafungua boneti, manifoldi, ile ya kuingiza hewa kwenye injini, nyekundu inang'aa, kila mtu wa Subaru anajua manifoldi nyekundu maana yake ni injini ya STI. Kwaiyo nilivyokagua vyote vilikuwa vya kweli, bodi ya kweli, gia boksi ya kweli, breki za kweli, na hapo ndipo alipocheza, maana mtu ukishakuta vitu vitatu vya kweli cha nne unakipokea.

Akanipa funguo. Tukatoka barabara ya Morogoro kuelekea Ihumwa, tukapita lile eneo la hamsini taratibu maana trafiki walikuwepo, mbele huko akaniambia weka gia ya tatu ukanyage. Nikakanyaga. Turbo ilipoingia niliona geji imepanda hadi 1.2 bar, kiti kimenivuta nyuma, halafu gari ikajikata mara moja kama imekosa petroli, ikaendelea. Nikamwangalia. Akacheka, akasema kaka hiyo ni anti-lagi inaamka, ule mfumo wa kufanya turbo isichelewe, hujazoea STI. Na ule mlio jamani. Ule mngurumo wa boksa, injini ya Subaru ya pistoni za kulala ubavu, bu bu bu bu, tulivyorudi tukapita katikati ya maduka unapiga kwenye kuta unarudi, akashusha vioo vyote akaniambia sikia, sikia STI hiyo. Mi naukumbuka ule mlio hadi leo na nikiukumbuka natetemeka kwa hasira kwa sababu ya nitakachowaeleza huko chini.

Hela nilimpa palepale ndani ya gari, nyingine keshi, nyingine nikatuma kwenye namba yenye jina la mwanamke, alisema mke wake, laini yake ina shida. Mkataba tukaandika kwenye karatasi ya daftari akasaini na dalali wake akasaini shahidi. Kwenye kadi kuna jina la mtu mwingine, ndo huyo mdogo wake, yuko Muscat, atakuja tubadilishe TRA. Kabla hajashuka akanishika bega akasema kaka kitu kimoja tu, oili usiguse mpaka utembee kilomita elfu tano, nimeweka juzi oili ya hela nyingi ya kutoka nje. Aliirudia hiyo mara mbili.

Remapu ikaja baadaye, na hii ndo inaniuma kuliko. Nilimwambia petroli yetu sio ile ya Japan, zile gari kule zimepangwa kwa petroli ya oktani ya juu, nataka ipangwe upya kwa petroli ya hapa ili nisiue injini. Mimi ndo nilitaka usalama! Akasema tena una akili, wengi hawajui hilo. Akaja na laptopu, akachomeka waya chini ya dashibodi, tukaenda barabara ya Bahi, yeye kakaa pembeni ananiambia kanyaga, achia, kanyaga, grafu zinapanda zinashuka kwenye skrini, anabonyeza bonyeza, anasema naongeza petroli hapa, narudisha moto wa plagi hapa. Nilimpa laki 8 kwanza akasema haitoshi kuna leseni ya programu, nikampa milioni 2 nyingine.

Afu nikafanya kile ambacho kila mtu anafanya akinunua gari, nikaenda kumwaga oili, maana mtu mwingine akikwambia ameweka oili huwezi kujua ameweka nini. Fundi alipofungua nati oili haikumwagika, ilishuka polepole nzito kama asali ya Itigi, imechanganywa na zile dawa za kopo za kuficha moshi na kelele. Alivyomulika beseni lote linametameta, unga wa chuma na vipande vya rangi ya shaba. Vile vya shaba ni beringi za konrodi zimelika. Akakata filta, mlemle. Tukaweka oili inayotakiwa, akapiga stata, tok tok tok tok, akazima hapohapo, hakuniambia kitu, akanawa mikono.

Yule fundi wa Dar, mnamfahamu, alipanda SGR akaja kuiangalia mwenyewe. Akatoa intakula, ile rejeta ya hewa inayokaa juu ya injini chini ya tundu la boneti, kwa sababu namba ya injini ya Subaru iko nyuma huko karibu na gia boksi na intakula inaiziba. Kadi inasema EJ207, injini ya STI. Kwenye bloku imegongwa EJ205, ya Forester. Akakwangua manifoldi kwa ukucha, rangi nyekundu ikatoka, chini aluminiamu tupu. Turbo ndogo ya Forester. Yani STI ya farasi 280 ndani imewekwa injini ya Forester ya farasi 220 iliyochoka. Na ile remapu? Kompyuta ya gari haijaguswa hata mstari mmoja. Kumbe tangu kabla ya kuniuzia alishaweka kale kavali ka kuzungusha kwa mkono kwenye mpira wa wesigeti, ile inayozuia presha ya turbo isizidi, siku ya remapu akakakaza zaidi, presha ikapanda, basi. Hewa inaongezeka, hakuna aliyepanga petroli iendane nayo. Ukiendesha taratibu hewa 14.7 kwa petroli 1 ni sawa, ila ukikanyaga turbo inatakiwa petroli iwe nyingi, hewa 11 au 12 hivi, ikikauka hapo inalipuka kabla ya wakati wake, inapiga pistoni, inapiga beringi. Na kule kujikata sio anti-lagi, ni kompyuta ilikuwa inakata petroli kujiokoa maana presha imezidi. Nilimlipa mtu aje aniulie injini nikiwa nimeshika usukani mwenyewe.

Na ule mlio. Fundi aliniuliza ilikuwa inanguruma? Nikamwambia sana. Akasema STI za Japan kuanzia zile za mwisho wa 2002 zina turbo ya twini skroli, yani yenye njia mbili za kuingizia moshi, bomba za kutoka kwenye injini kwenda kwenye turbo zina urefu unaolingana, zile hazingurumi, sauti yake imenyooka. Mngurumo ni wa bomba zisizolingana, kama za Forester. Kwaiyo anashusha vioo ananiambia sikia STI, anajua kabisa nasikia Forester.

Nilimpigia kwa heshima kabisa. Nikamwambia kaka tukae tuongee, nirudishie hata nusu tununue injini ya mtumba. Akatuma voisi, ninayo, anasema umeua injini mwenyewe nilikwambia usiguse oili. Akaniblok. Mama akampigia kwa simu yake akidhani ataona aibu, akapokea, shikamoo mama, akamwambia mwanao alikuwa amelewa akaendesha gari vibaya. Mimi! Pombe sijawahi kuweka mdomoni na anajua, tumekaa naye meza moja. Mama hajalala usiku ule. Hela nitatafuta, ila hiyo ya kumdanganya mama yangu, mjane, aliyemwita mwanangu, hiyo sitamsamehe.

Nimechukua RB. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungo ni hadi miaka 7 na mimi naona hata hiyo ni michache. Nataka aingie gereza la Isanga. Nataka laptopu yake ichukuliwe iwe kielelezo, na yule dalali aliyesaini ushahidi aunganishwe, na huyo mwenye namba ya simu aje aeleze hela za nani. Kuna vijana wameniambia wanajua anapokaa twende tukamshughulikie, hapana, msimguse, mkimpiga atageuka yeye mlalamikaji. Apelekwe mahakamani apandishwe kizimbani watu wamuone. Na admini wa grupu naomba mumtoe, mpaka sasa hivi yumo na anaweka laiki kwenye picha za watu, inaniumiza sana.

Kwa anayetaka Subaru ya turbo sa hivi, gari ukute ya baridi, akikuletea imeshawaka mwambie izimwe uje kesho asubuhi. Intakula itolewe usome namba ya injini ulinganishe na kadi, ni boliti chache tu haichukui muda, akikataa ondoka. Oili chomoa dipstiki uiangalie inavyodondoka. Fundi wako, sio wake. Mwenye jina kwenye kadi awepo, mkataba kwa wakili, hela iende kwenye akaunti ya mwenye kadi, na uangalie deni la faini na parking za TARURA, hii yangu ina deni la zamani ambalo wala sikuambiwa. Remapu mtu akikwambia amefanya, aoneshe faili la kabla na la baada, na kipimo cha hewa na petroli kiwepo kwenye bomba la moshi wakati mnatembea. Akishakuambia oili usiguse, jua kuna kitu kwenye oili.

Ile ya silva anasema ipo Chang'ombe na kuna mtu ameshatoa advansi, kama ni wewe au unamjua huyo mtu mwambie anitafute kabla hajamalizia hela, nitamletea fundi bure atoe intakula. Na wengine mliopigwa, najua mpo, wawili wameshanitafuta inbox wanaona aibu kusema hadharani. Jumatatu asubuhi naenda kwa mpelelezi pale kituo cha kati, naombeni risiti za miamala na voisi zenu kabla ya hapo, tukiwa na majalada zaidi ya moja hawezi kusema ni mambo ya kudaiana.