Antivirasi ya Kulipia: Kabla Hujauliza Inakamata Nini, Uliza Kama Itakuachia

Barua ninazopata kuhusu antivirasi hazizungumzii virusi. Zinazungumzia pesa. Msomaji mmoja alinunua leseni ya mwaka kwa bei ya ofa, akaendelea na maisha yake, na mwaka ulipogeuka kadi yake ikakatwa zaidi ya mara mbili ya alicholipa mwanzo. Mwingine aliiondoa programu kwenye laptopu, akaigawa laptopu yenyewe, na bado akakatwa. Dada mmoja aliniandikia kwa uchungu kwamba baba yake, mzee aliyestaafu, amekuwa akilipia ulinzi wa kompyuta iliyokufa zamani na kutupwa.

Ndiyo maana mwongozo huu hautaanza na asilimia za kukamata virusi. Programu kubwa zote zinakamata vizuri. Maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huzipima mara kwa mara, na tofauti kati ya zile za juu ni ndogo kiasi kwamba mtu wa nyumbani hawezi kuihisi. Ninachotaka kujua kabla ya kukushauri utoe pesa ni kimoja: siku ukisema basi, programu hii na kampuni yake vitakuachia?

Jibu fupi kwa wenye haraka: kama kompyuta yako ina Windows 11 na inapokea masasisho, huhitaji kulipia antivirasi, kwa kuwa kinga ya Microsoft Defender imo ndani tayari. Mwenye Mac vilevile. Apple imeweka kinga yake ya XProtect ndani ya mfumo tangu 2009. Wapo wachache wanaohitaji kulipia, na nitawafikia.

Kasoro isiyopimwa na maabara yoyote

Ukinunua antivirasi mtandaoni, unaombwa kadi ya benki. Bei ya mwaka wa kwanza imeandikwa kwa herufi kubwa zenye rangi. Bei ya mwaka wa pili, ambayo ndiyo bei yenyewe, iko chini kwa herufi ndogo za kijivu, na mara nyingi kukubali kwako kulipishwa upya kila mwaka kumeshafanywa kuwa sehemu ya kununua. Hukuulizwa. Ukitaka kujitoa, ni lazima uingie kwenye akaunti yako na kutafuta mahali pa kuzima, na mahali hapo hapatangazwi kama ofa zilivyotangazwa.

Kuna jambo linalowanasa hata watu makini. Mtu anaandika kwenye kalenda tarehe ya leseni kuisha, akikusudia kuizima siku hiyo. Anachelewa, kwa sababu malipo hukatwa kabla ya tarehe hiyo. Norton, kwa masharti yake yenyewe, inaweza kukata hadi siku 35 kabla ya mwaka kuisha. Kwa hiyo tarehe ya kuandika si ya kuisha kwa leseni. Zima malipo ya kujirudia siku ileile unayonunua. Leseni itaendelea kufanya kazi hadi mwisho wa muda uliolipia.

Na tafadhali lishike hili: kuondoa programu kwenye kompyuta hakusimamishi malipo. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Programu iko kwenye kompyuta yako, mkataba uko kwenye akaunti yako kwa kampuni. Ukifuta programu peke yake, umejiondolea ulinzi na umebaki na deni.

Hili si lalamiko langu peke yangu. Mwaka 2009 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliwabana Symantec, waliokuwa wakitengeneza Norton wakati huo, na McAfee kwa kuwalipisha wateja upya bila kuwaeleza waziwazi. Kila kampuni ikalipa dola 375,000. Uingereza nayo, mamlaka ya ushindani ilianza kuchunguza biashara hii mwaka 2018, na mwaka 2021 McAfee kisha Norton wakakubali kuwarahisishia wateja kujitoa na kupata marejesho. Zaidi ya miaka kumi kati ya kesi moja na nyingine, na jambo ni lilelile. Linaniudhi sana. Kampuni inayojiita mlinzi wako haipaswi kuwa ndiyo unayohitaji kulindwa dhidi yake.

Tena mtindo huu umewafungulia mlango matapeli. Kwa kuwa watu wamezoea kukatwa ghafla, wakipata barua pepe inayosema "leseni yako ya antivirasi imehuishwa, ukitaka kughairi piga namba hii", wanaamini na kupiga. Anayepokea anawaomba waweke programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, na kutoka hapo ni akaunti ya benki. Usipige namba iliyo kwenye barua kama hiyo. Fungua akaunti yako mwenyewe kwa kuandika anwani ya kampuni kwenye kivinjari, au angalia taarifa ya benki kama kweli umekatwa.

1. Microsoft Defender, kwa walio wengi

Najua bado kuna wanaoidharau. Zamani walikuwa na haki. Mwishoni mwa 2012 mtangulizi wake, Microsoft Security Essentials, alinyimwa cheti na AV-TEST kwa kukamata kidogo mno. Lakini kuanzia Windows 8, iliyotoka mwaka huohuo, Defender huja ndani ya mfumo, na kwa miaka mingi sasa hupata alama za juu kabisa kwenye maabara hiyohiyo iliyomfelisha mwenzake.

Kwa kipimo changu haina mpinzani. Haina leseni ya kuisha, haina kadi ya benki, haikutolei madirisha mekundu ya kukutisha ili ununue toleo la juu. Ukitaka kujaribu nyingine, inakaa pembeni yenyewe.

Ila usiiache ilivyo. Ndani ya mipangilio ya usalama ya Windows kuna ulinzi wa mafolda dhidi ya programu zinazofunga mafaili na kudai fidia, na huo huja ukiwa umezimwa. Uwashe. Siku za mwanzo utazuia hata programu zako halali zisihifadhi kazi kwenye folda ya nyaraka. Ziruhusu moja moja, kisha utatulia. Hakikisha pia kwamba ulinzi wa wingu (unaouliza kompyuta za Microsoft kwa intaneti) na kinga dhidi ya kuchezewa mipangilio vimewashwa.

Udhaifu wake mkubwa ni huu: inategemea sana intaneti. Faili jipya lisilojulikana huulizwa kwenye kompyuta za Microsoft kabla ya kuhukumiwa. Kompyuta isiyo na mtandao inakosa nusu hiyo ya akili yake, na vipimo vya AV-Comparatives vya kukamata bila intaneti vimekuwa vikilionyesha hilo. Pia huchelewesha kazi unaponakili mafaili mengi kwa mkupuo, jambo utakaloliona zaidi kwenye mashine yenye diski ya zamani.

2. ESET, ukilazimika kulipa

Hii ndiyo ninayoipenda, na sifichi. Kampuni ni ya Bratislava, Slovakia. Programu yake ya kwanza iliandikwa 1987, na kampuni ikasajiliwa 1992. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zile nyepesi kwenye vipimo, na huripoti mafaili safi kuwa machafu mara chache sana. Usidharau hilo la pili. Antivirasi inayopiga kelele ovyo humfundisha mtu kubofya "ruhusu" bila kusoma, na siku hatari ya kweli ikija, atairuhusu nayo.

Nani ailipie? Mtu ambaye kompyuta yake hukaa muda mrefu bila mtandao huku ikipokea mafaili kwa flashi kutoka kwa watu wengi: anayechapisha kazi za wengine, mwalimu anayekusanya kazi za wanafunzi, anayehariri picha na video za wateja nyumbani. Huyo anahitaji programu iliyobeba maarifa yake ndani ya kompyuta badala ya kuyafuata mbali. Hapo ndipo pesa inapofanya kazi.

Inunue kama funguo wa leseni, yaani msimbo unaouandika kwenye programu, bila kuacha kadi yako kwenye akaunti. Mwaka ukiisha, imeisha, na wewe ndiye unayeamua. Na chukua toleo la chini kabisa. Hayo ya juu yana vikorokoro vya kutunza manenosiri na VPN (njia ya faragha ya kupitishia intaneti) ambavyo hukuja kuvitafuta.

3. Bitdefender

Ni ya Bucharest, Romania, na inakamata vizuri kama yoyote. Ningeiweka sawa na ESET isingekuwa tabia ya kujaa matangazo ya huduma zake nyingine ndani ya programu uliyokwisha kuilipia. Malipo ya kujirudia huja yamewashwa. Yazime kwenye akaunti siku ya kwanza. Toleo lake la bure ni la heshima.

4. Norton na McAfee, mwisho wa orodha

Siyaweki chini kwa sababu ya ukamataji. Nayaweka chini kwa sababu ya hayo niliyoyaeleza juu, na kwa sababu ya kuja bila kualikwa. Unanunua laptopu mpya, unakuta ndani kuna toleo la majaribio, na Defender imezimwa kuipisha. Muda wa majaribio ukikaribia kuisha unaanza kuambiwa uko hatarini, kana kwamba kompyuta ilikuja uchi. Muuzaji dukani naye huenda amepewa malengo ya kuuza leseni, kwa hiyo asikwambie kwamba ukiiondoa hiyo ya majaribio, ulinzi uliolipia ndani ya bei ya Windows unarudi. Mwaka 2021 Norton 360 iliongezewa hata chombo cha kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum kwa kompyuta ya mteja, na kampuni ikijichukulia asilimia 15. Hicho si kilichomleta mtu kwenye antivirasi.

Ukiamua kuzitumia hata hivyo, jua kwamba siku hizi baadhi ya leseni za kwenye boksi nazo hudai kadi ya benki kabla ya kuwashwa. Soma mgongo wa boksi.

Za bure na zilizobaki

Avast, AVG na Avira zote sasa ziko chini ya Gen Digital, mmiliki yuleyule wa Norton, kwa hiyo kuhama kutoka moja kwenda nyingine si kuhama. Kuhusu Avast, rahisi iligeuka ghali: kampuni yake tanzu ya Jumpshot iliuza historia za watumiaji za kutembelea tovuti hadi ilipofungwa Januari 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaitoza dola milioni 16.5. Defender ni ya bure na haina haja ya hayo. Malwarebytes ya bure ni nzuri kama jicho la pili ukishuku jambo. Ipakue, kagua, endelea.

Kaspersky, antivirasi ya kampuni ya Urusi, ni hodari kiufundi, lakini Juni 2024 Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake, na Septemba wateja wengi wa huko waliamka wakakuta imejiondoa na mahali pake imejiweka programu nyingine, UltraAV, ambayo hawakuichagua. Kwangu mimi hilo latosha.

Kisichonunulika

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Wauzaji wanaitumia tarehe hiyo kuuza antivirasi, na hapo wanapotosha. Tundu kwenye mfumo huzibwa na sasisho la mfumo. WannaCry, programu ya kufunga mafaili na kudai fidia, iliposambaa Mei 2017 kupitia tundu la Windows, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake Machi. Waliolia wengi ni ambao hawakukiweka. Pesa ya leseni ya miaka miwili mitatu inakaribia kutosha diski ya nje ya kuwekea nakala rudufu, na diski hiyo, ikichomolewa baada ya kunakili, hakuna virusi vitakavyoifikia.

Kama umeshakatwa

Usikubali kuambiwa umechelewa kabla hujaangalia. Norton hurejesha pesa ya leseni ya mwaka ukidai ndani ya siku 60, na McAfee ina muda huohuo kwa malipo ya kuhuisha. Zima kwanza malipo ya kujirudia kwenye akaunti, dai marejesho kwa maandishi, tunza namba ya shauri. Ondoa programu mwisho, kwa chombo cha kuondolea kinachotolewa na kampuni yenyewe, kwa sababu uondoaji wa kawaida huacha mabaki yanayoweza kuifanya Windows iamini bado unalindwa na mwingine. Washa upya kompyuta, fungua usalama wa Windows, uone jina la Defender likiwa limewashwa. Kisha angalia taarifa ya benki mwezi unaofuata, na ule wa baada yake.