Fundi wa jenereta wa Shimanzi: kazi yake kabla ya masika

Nianze na bei, maana ndiyo mnayouliza kila mara: shilingi 14,000 za ufundi, oili na filta unanunua mwenyewe. Najua wapo watakaokufanyia kwa 4,000 papa hapa Mombasa. Wanamwaga oili, wanawasha, injini inanguruma dakika tano bila kubeba chochote, "iko sawa mama," wanakunja zana zao. Hiyo elfu kumi ya juu inalipwa nini, ndiyo habari yangu leo.

Mie nauza samaki wa barafu Kongowea, nguru na kolekole kwa jumla, pweza wa mahoteli. Jenereta yangu ni ya dizeli, kVA 20, mtumba wa Uingereza, na kitabu chake kina ukurasa mzima wa kuitayarisha kwa tufani za majira ya baridi: dizeli inayoganda kama samli, hita ya kupasha injini, dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasiwe barafu. Nilimpa fundi, akausoma wote. Akasema ya baridi tuyaache, mengine yote yatuhusu, wao wana theluji na sisi tuna masika na chumvi. Na ile dawa ya rejeta akaitaka vilevile, kwa sababu huzuia kutu.

Alianza na tangi. Alichota dizeli ya chini kabisa akaiweka kwenye chupa inayoonyesha ndani, akaiacha itulie. Maji yakajitenga chini, na katikati utando mweusi. Tangi likikaa nusu tupu huvuta hewa ya bahari, unyevu ukipoa usiku hugeuka matone na kuteremka, kwani maji ni mazito kuliko dizeli. Vijidudu huzaliana pale viwili hivyo vinapokutana, na uchafu wao ndio huziba filta jenereta ikiwa kazini. Akamwaga mpaka ikatoka safi, akaniagiza nijaze tangi pomoni kabla ya Aprili. Kukimbilia kituo cha mafuta siku ya giza si mpango, pampu zao nazo zataka stima. Nikakumbuka Texas, Februari 2021: baridi iligandisha hata visima na mabomba ya gesi, mitambo ya umeme iliyotegemea gesi hiyo ikasimama, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme.

Betri aliipima mara mbili. Ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, yaani imejaa, na fundi mwingine angeishia hapo. Yeye alitazama mita huku stata ikizungusha injini, ikaporomoka chini ya 9. "Hii itakuangusha," akasema. Baridi huipunguzia betri nguvu, lakini joto kama letu ndilo huila umri wake. Betri mpya nilinunua mwenyewe, ya kwake ilikuwa ghali.

Sasa jaribio lenyewe. Kwanza akakagua chenjiova, ile swichi ya kuhama kutoka stima ya mtaa kwenda jenereta, kwa kuwa ikipitisha kinyume, umeme wako hupanda kwenye laini ya mtaa na unaweza kumuua fundi wa stima aliye juu ya nguzo. Kisha akazima swichi kubwa, akataka kila kitu changu kiingie kwenye jenereta: chumba cha baridi, freza, mashine ya barafu. Si kwa mpigo mmoja. Kompresa inapoamka hudai umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia, na kVA 20 zilizoandikwa kwenye jenereta kwa kawaida ni kama kW 16 tu za kutumia kweli. Zikiamka zote pamoja, mashine inazama. Akaandika mpangilio ukutani kwa kalamu nzito, chumba cha baridi mbele, na vijana wangu sasa wanaujua. Tukaiacha ifanye kazi zaidi ya nusu saa. Mwanzo moshi mweusi, baadaye ukatakata. Jenereta inayowashwa kila mara bila mzigo haichomi mafuta yote, masizi na oili hujazana kwenye ekzosi, na hiyo ndiyo hasara ya zile dakika tano za bei rahisi.

Alitaka pia inyanyuliwe juu ya zege. Hapo sikubisha. Novemba 2023 tuliona maji yalivyotanda barabara za Mombasa.

Kasoro anazo. Aliahidi saa mbili asubuhi, akafika adhuhuri imeshapita. Risiti ni karatasi ya daftari, mhasibu wangu hakufurahi. Mambo ya sola na inveta hataki hata kuyasikia. Na oili aliyomwaga sakafuni tuliisugua sisi.

Kuna wanaoniambia freza hujilinda. Ikijaa na isifunguliwe, ndiyo, hushika baridi kama saa 48, ikiwa nusu tupu kama saa 24. Duka langu freza zafunguliwa kutwa nzima.

Jina na namba yake siandiki hapa, hataki simu za usiku za watu asiowajua. Pita Kongowea upande wa samaki nikupe, na umpigie kabla Machi haijaisha, Aprili hapatikani.