Pampu ya mkono au tangi la sola?

Baraza la mji mdogo Uganda lenye bajeti finyu hujikuta hapa: kuchimba visima vingine vya pampu ya mkono, au kufunga pampu ya sola kwenye kisima kimoja chenye maji mengi, kupandisha maji kwenye tangi na kuyashusha kwa mabomba hadi kwenye vioski vya kuuzia maji.

Pampu ya mkono ni rahisi kuanza nayo. Haihitaji umeme, na fundi wa mtaani huifungua kwa spana. Kasoro yake kubwa imo ardhini: penye maji yenye asidi, mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hushika kutu. Maji hutoka mekundu, chai hubadilika rangi, na akina mama hurudi bwawani ilhali kisima kipo. Baraza likichagua njia hii, lidai mabomba ya chuma cha pua au plastiki. Hapo nisingekubali punguzo lolote.

Sola hugharimu zaidi mwanzoni, ila maji hufika karibu na nyumba. Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mara nyingi mbebaji ni mtoto. Siku za mawingu pampu husukuma kidogo, kwa hiyo tangi liwe kubwa. Ada ya kioski nayo iwekwe akiba ya matengenezo, isipelekwe kwenye barabara.

Mimi nachagua sola, na pampu moja ya mkono ibaki sokoni kwa dharura.